Kusi hukaza mito inapokonda: tuongee upepo wa Kusini na gridi kabla mapanga hayajasimikwa

#1 Fundi wa Mikindani

Wadau wa Kusini, salaam.

Nimefanya ufundi umeme Mtwara kwa zaidi ya miaka 20, zaidi kwenye majokofu ya samaki na mashine za kubangulia korosho. Kompresa nilizozitoa zikiwa zimeungua kwa sababu ya umeme kucheza ni nyingi, na kila moja ilikuwa mtaji wa mtu. Ndiyo maana umeme wa upepo ukitajwa, mimi nauliza kwanza: gridi itaupokeaje? Mapanga ya mtambo wa upepo kuzunguka ni kazi iliyokwisha kueleweka duniani. Kuupokea umeme wake bila kutikisa majokofu ya watu ndiko kwenye kazi, na huko ndiko nataka tukae leo.

Nianze na hesabu moja. Nguvu inayobebwa na upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nane. Kushuka nako ni hivyo hivyo: upepo ukitoka mita 10 kwa sekunde ukafika mita 8, nguvu inabaki nusu tu. Wewe uliyesimama ufukweni hutahisi tofauti kubwa, shati bado linapepea. Lakini mtambo uliokuwa unatoa megawati 6 sasa unatoa 3.

Chukua mji wenye gridi yake ndogo iliyojitenga, unaotumia megawati 12, nusu yake upepo. Upepo ukapungua hivyo ndani ya dakika chache, robo ya umeme wa mji imeondoka. Injini nyingine zisipoijaza nafasi hiyo upesi, taa zinazima. Sisi tunaijua gridi ndogo. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tulikaa nje ya gridi ya Taifa tukitegemea kituo cha gesi cha megawati 18 pale Mtwara mjini. Injini moja ikienda matengenezo, mtaa mzima unajua.

Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde. Waangalie wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja kwa michi mitatu. Anayetaka kujiunga haingizi mchi tu. Husimama, akasikiliza mapigo, ndipo akaingia kwa zamu yake. Mitambo yote iliyomo kwenye gridi hutwanga hivyo, kutoka Mtera hadi Kinyerezi. Mahitaji yakizidi uzalishaji, mapigo yanapungua kasi. Yakipungua mno, kinga za mitambo zinajitoa moja baada ya nyingine.

Mitambo ya maji na ya gesi ina rota nzito. Nguvu ikikatika ghafla, rota hizo zinaendelea kuzunguka kwa uzito wake, kama baiskeli iliyopakia gunia la korosho ukiacha kukanyaga pedali. Sekunde hizo chache ndizo zinazowapa wengine nafasi ya kuongeza nguvu. Mitambo mingi ya kisasa ya upepo inaingia kwenye gridi kupitia inveta, kifaa cha kielektroniki kinachoulinganisha umeme wake na wa gridi, kwa hiyo uzito wa mapanga yake gridi haiuhisi mpaka inveta ipangwe kufanya hivyo. Hilo lazima liandikwe kwenye mkataba, maana baadaye ni gharama.

Sasa sababu hasa ya uzi huu. Kila mtoto wa pwani anajua upepo wa kaskazi ni Desemba mpaka Machi, kisha kusi inaingia kuanzia Aprili, inakaza Juni na Julai, inalegea kuelekea Oktoba. Wekeni kalenda hiyo pembeni ya mto Rufiji. Maji yake yanatoka nyanda za juu, kwenye Kilombero na Ruaha Mkuu, kwa mvua za Novemba mpaka Mei. Baada ya hapo mto unakonda mpaka mvua nyingine. Kwa hiyo kusi inakaza wakati maji yanapungua!

Bwawa la Julius Nyerere, lililo kwenye mto huo, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na ziwa lake limejengwa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Upepo ukitoa megawati 50 mchana wa Julai, unapunguza maji yanayopita kwenye mtambo kwa kiasi hicho. Maji hayo hayajapotea. Yanasubiri jioni, au yanasubiri Oktoba. Hiyo ndiyo betri yetu, ipo tayari na tumeshailipia.

Sharti ni njia ya kutufikisha kwenye betri hiyo. Kutoka Makambako njia ya kilovoti 220 ilifika Songea mwaka 2018. Kutoka hapo mpango ni kupita Tunduru na Masasi mpaka Mahumbika, Lindi, ikutane na ya kilovoti 132 inayokwenda Mtwara. Msimamo wangu ni kwamba njia hiyo pamoja na vituo vyake vya kupoza umeme vitangulie, vikae sawa, ndipo upepo uje. Anayetaka kuanza na mapanga ananitia hofu.

Karibuni.

#2 Mtoto wa Kilwa

Fundi, nimekusoma mpaka mwisho na shule ni nzuri. Lakini nina donge.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, sisi Kilwa. Ya Mnazi Bay 1982, kwenu huko. Umeme wa gesi ya Songo Songo uliwaka Dar kuanzia 2004 wakati vijiji vyetu vingi vinatumia kibatari. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka ghasia kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar, watu wakapoteza maisha, na 2015 bomba likazinduliwa. Leo unatuambia na upepo nao tuuunganishe uende? Kwa nini tusijifungie na mapanga yetu, umeme ukabaki hapa hapa?

#3 Mvuvi wa Msimbati

Wanangu, mimi sina elimu ya umeme, nina miaka 40 na kitu baharini.

Fundi kusi ameieleza kwa mwaka, hajaieleza kwa siku. Alfajiri upepo unatoka bara, ule tunaouita umande, mwepesi, ndio tunaotokea nao. Jua likipanda bahari inakaa kimya kidogo, halafu kwenye saa 4 kusi inashika. Mchana saa 8, saa 9 ndiyo yenyewe, asiye na tanga zuri harudi. Magharibi ikiingia inalala. Si siku zote, lakini siku nyingi ni hivyo.

Sasa nyinyi watu wa mjini mnawasha taa, televisheni na pasi saa 1 usiku, wakati upepo umeshalala. Hapo mtafanyaje?

#4 Fundi wa Mikindani

Mzee wangu, shikamoo. Umesema kitu ambacho watu wanalipwa kukipima. Kilele cha matumizi ya umeme majumbani ni jioni, na upepo wa pwani una nguvu mchana. Ndiyo sababu nang'ang'ania bwawa. Mchana upepo unafanya kazi na maji yanapumzika, jioni upepo unalala na maji yanaamka. Mtambo wa maji unaongezwa nguvu kwa dakika chache tu. Injini za gesi nazo ni hodari kwa hilo. Gesi isiyochomwa mchana inabaki chini ya bahari yetu.

Kaka wa Kilwa, donge lako ni langu pia. Mimi 2013 nilikuwa hapa hapa mjini. Lakini tukijifungia, tunarudi kwenye ile hesabu ya megawati 12. Upepo peke yake kwenye gridi ndogo unataka betri kubwa au jenereta inayounguruma muda wote kusubiri upepo ulegee. Ukiwa na mtambo mmoja unaobeba nusu ya mji, ukianguka mmeanguka wote. Kwenye gridi ya Taifa hali ni nyingine. Gridi yenye mitambo ya megawati 235 lazima iwe tayari muda wote kuupoteza mmoja kwa ghafla bila kuzima nchi. Shamba la upepo la megawati 50 likipungua taratibu kwa robo saa ni jambo dogo kwake.

Suala la haki lipo, na tusilichanganye na suala la nyaya. Bei ya uniti ni moja nchi nzima, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba mapanga yakisimikwa Kilwa LUKU ya Kilwa itashuka. Vya kudai ni vingine: kodi ya ardhi ya kila mwaka kwa kijiji na kwa mwenye shamba, badala ya fidia ya mara moja inayoisha kabla ya msimu wa pili wa korosho. Ushuru wa huduma kwa halmashauri, kama ambavyo Kilwa na Mtwara zimekuwa zikiupata kwenye gesi. Vijana wetu wafundishwe kupanda ile minara na kuihudumia, maana hiyo ni ajira ya miaka 20 na zaidi. Na kituo cha kupoza umeme kijengwe kwa ukubwa wa kulisha vijiji vinavyokizunguka, kisiwe mlango wa kutokea tu. Yaandikwe kabla ya nguzo ya kwanza. Kwenye gesi tulichelewa kuuliza.

Na ardhi yenyewe hailiwi yote. Msingi wa mnara na barabara yake ndivyo vinavyochukua eneo, katikati ufuta unalimwa kama kawaida.

#5 Binti wa Newala

Kaka Fundi, naomba niongeze la kwetu juu.

Uwanda wa Makonde udongo wake ni kichanga, maji yako chini sana. Bibi zetu walikuwa wanashuka makorongo na ndoo na kupanda nazo kichwani. Maji tunayotumia sasa yanasukumwa kutoka bondeni Mitema mpaka Newala na Tandahimba, mamia ya mita kwenda juu. Umeme ukiwa mdogo, pampu haiwashwi. Umeme ukikatika siku mbili, ndoo ya maji inakuwa na bei yake.

Swali langu: pampu si lazima ifanye kazi saa 1 usiku. Matangi yakiwa makubwa, kwa nini isisukume mchana kusi ikiwa imeshika? Na Newala yenyewe tunakaa ukingoni mwa uwanda, upepo wa pale ukisimama kwenye ngome unaelewa.

#6 Fundi wa Mikindani

Dada, hapo umenifanya niache kula niandike.

Tufanye hesabu. Kuinua lita 1,000 za maji kwenda juu mita 367 kunataka uniti moja kamili ya umeme, kama hakuna kinachopotea. Pampu na mota zina upotevu wake, kwa hiyo sema uniti moja na nusu. Kwa kimo cha Newala unakwenda mbali zaidi ya hapo. Zidisha kwa maji ya wilaya nzima kila siku, utaona pampu zile ni kati ya watumiaji wakubwa wa umeme Kusini. Na tofauti na taa, wao wanaweza kuchagua saa.

Tangi kubwa juu ya kilima ni akiba ya umeme bila kuitwa betri. Upepo ukizidi, washa pampu ya pili. Upepo ukilegea, zima, watu wanaendelea kunywa kutoka kwenye tangi. Waendesha gridi duniani wanawalipa watumiaji wakubwa wakubali kufanya hivyo. Kwetu ingehitaji matangi zaidi, bomba linalohimili kusukuma kwa kasi kubwa kwa saa chache, na mawasiliano kati ya chumba cha pampu na chumba cha kuongozea gridi. Viwanda vya barafu ni hivyo hivyo: gandisha mchana, uza alfajiri. Mimi majokofu ya samaki ningeyapanga hivyo kesho kama bei ya mchana ingekuwa nafuu kidogo kuliko ya jioni.

Tukizungumza upepo na gridi, watu wanatazama wanaozalisha tu. Nusu ya jawabu iko kwa wanaotumia, na wewe umeiona ukiwa Newala kwa sababu umeshika ndoo.

#7 Msafiri wa Nairobi

Wakuu, mimi ni mtu wa Lindi ila nafanya kazi Kenya. Naomba niwape ya huku.

Turkana wana mitambo 365, jumla megawati 310, kwenye upepo mkali kweli. Ilikamilika 2017. Njia ya kuutoa umeme, zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa, ikachelewa mpaka Septemba 2018. Zaidi ya mwaka mzima mitambo imesimama jangwani na Serikali ikabanwa na mkataba kuilipa. Kwa hiyo Fundi akisema njia kwanza, namuunga mkono.

Lakini tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilizimika, uwanja wa ndege ukaingia giza. Shirika la umeme likasema ilianza kwa kupotea umeme wa Turkana. Kampuni ya upepo ikasema voltezi ya gridi ilipanda kupita kiasi, ndiyo maana mitambo ikajitoa. Mimi mlaji nilikuwa gizani tu. Je, hilo halitatupata?

#8 Fundi wa Mikindani

Linaweza kutupata, na nitakueleza njia yake.

Mfano ulioandikwa vizuri zaidi ni wa Australia Kusini, 28 Septemba 2016. Dhoruba iliangusha minara ya umeme mkubwa. Kila njia ilipokatika, voltezi ya gridi ilishuka kwa chini ya sekunde moja kisha ikarudi. Mitambo ya upepo ilivumilia mshtuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kumbe ndani ya kompyuta zake kulikuwa na mpangilio unaosema: ikitokea mishtuko kadhaa ndani ya dakika mbili, jitoe. Ikajitoa. Megawati 456 zikaondoka ndani ya sekunde chache, njia iliyowaunganisha na jimbo jirani ikazidiwa ikajikata, jimbo lote likazima. Upepo wenyewe ulikuwepo wa kutosha! Kilichoiondoa mitambo ni namba iliyoandikwa kwenye programu, na waendesha gridi hawakuwa wameambiwa kwamba namba hiyo ipo.

Baada ya hapo namba zilibadilishwa. Wakaweka betri ya megawati 100 pale Hornsdale mwaka uliofuata, kisha mashine nzito zinazozunguka bila kuzalisha, kazi yake kuipa gridi uzito niliousema na kushika voltezi.

Kwetu hatari ipo zaidi kwa sababu ya mkia. Kutoka Makambako mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 800 za waya. Njia ndefu hivyo ina tabia mbili. Usiku wa manane watu wamelala, voltezi ya mwisho wa njia hupanda yenyewe. Jioni mzigo ukiwa mkubwa, inashuka. Ni kama mtaa wa mwisho wa bomba la maji: ama kasi inapasua koki, ama yanadondoka matone. Kompresa zangu ziliungua kwa yote mawili.

Hapa upepo unaweza kuwa msaada. Inveta nzuri inaweza kushika voltezi ya mahali ilipo, kuinyanyua au kuishusha, hata mapanga yakiwa yamesimama. Shamba la upepo lililofungwa vizuri mwisho wa mkia linaweza kuwafanyia Lindi na Mtwara kazi hiyo usiku na mchana. Lililofungwa vibaya litaongeza mtikisiko. Vifaa vinaweza kuwa vile vile. Kinachotofautisha ni masharti aliyopewa mwenye mradi, na kama kuna mtu alikwenda kuyapima kabla ya kuwasha.

Kwa hiyo tungemwomba kila mwenye mradi aonyeshe: mitambo yake itavumilia mishtuko mingapi mfululizo, itashika voltezi vipi, itapunguza uzalishaji kwa muda gani ikiamriwa na chumba cha kuongozea gridi, na itatoa utabiri wa saa ngapi mbele. Utabiri ni muhimu sana. Anayejua saa 6 mchana kwamba kusi italala saa 12 jioni anaandaa maji na gesi mapema bila haraka.

#9 Mstaafu wa Nachingwea

Vijana, mmesahau kimbunga. Mwaka 1952 kilipiga Lindi, wazazi wetu walikisimulia mpaka wakafa. Mei 2024 Hidaya ilikuja, barabara ya Kusini ikakatika Somanga, tukakaa bila njia. Minara hiyo mirefu itabaki?

#10 Fundi wa Mikindani

Shikamoo mzee. Mtambo wa kawaida unaanza kuzalisha upepo ukifika mita 3 au 4 kwa sekunde na unajizima kwenye 25 hivi. Ukijizima unageuza mapanga yake yakate upepo kwa ukingo, kama jahazi linaloshusha tanga. Ipo mitambo iliyojengwa kwa ajili ya nchi za vimbunga, ni ghali zaidi, na pwani yetu lazima ihesabiwe hivyo. Kinachonitia wasiwasi kuliko mnara ni njia ya umeme na barabara, kama ulivyosema. Shamba likijizima lote kwa wakati mmoja dhoruba inapofika, gridi lazima iwe imeambiwa saa kadhaa kabla ianze kulipunguza kidogo kidogo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilimfuatilia Hidaya siku kadhaa kabla. Taarifa ile ile ingeingia moja kwa moja kwenye chumba cha kuongozea gridi.

Na bandari ya Mtwara ina kina kirefu cha asili. Panga moja la mita 50 au 60 halipiti kirahisi barabarani kutoka Dar, lakini linaweza kushushwa pale pale.

Sasa ombi langu kwenu. Kabla mtu hajaja na makaratasi yake, tuanze kuandika upepo wetu wenyewe. Kipimo halisi kinataka mnara mrefu na mwaka mzima au zaidi, hilo si la kwetu. Lakini saa ya kuingia na saa ya kulala kwa kusi, Msimbati, Kilwa, Newala, kila siku, tunaweza kuandika, tukaja kulinganisha na watakachosema. Mzee wa Msimbati, utatuanzishia?

#11 Mvuvi wa Msimbati

Nitaandika, mjukuu wangu ndiye anayebonyeza simu.

Jana. Umande tangu saa 10 alfajiri, mwepesi. Saa 3 asubuhi shwari, tanga halijai. Kusi imeingia saa 4 na nusu. Saa 9 mawimbi meupe mpaka nje ya mwamba, ngalawa mbili zimerudi mapema. Saa 12 na robo imelala.

Leo. Umande haukutoka. Kusi tumeamka nayo tangu alfajiri, na mpaka naandika hii saa 2 usiku, bado inavuma.